Bao la kete kwa siku za dhiki: lipi la kuchukua, lipi la kuacha dukani

Kipato kikibana, kitu cha kwanza kukatwa nyumbani ni kile kinachoitwa starehe. King'amuzi hakilipiwi, bando linanunuliwa la siku moja moja, safari ya kuwaona ndugu inasogezwa hadi mwezi ujao, na mwezi ujao unasogezwa tena. Kinachobaki ni jioni ndefu na watu wazima waliokaa kimya wakipiga hesabu za kodi na ada. Tathmini hii ni ya kifaa kimoja kinachostahili kuingia katika jioni hizo: bao la kete, lile la Kiswahili la mashimo 32 katika mistari minne ya manane, na kete 64. Hununuliwa mara moja, halitumii umeme, halina malipo ya mwezi, na likitunzwa mjukuu atalikuta.

Tatizo ni kwamba mabao mengi yanayouzwa leo hayachezeki. Yamechongwa kwa ajili ya kutundikwa ukutani au kubebwa kwenye begi la mtalii, na anayenunua bila kujua huishia na pambo. Pesa yenyewe ni ya kubana, kwa hiyo kosa hilo linauma. Ndiyo maana sehemu kubwa ya maelezo haya ni ya dukani, kabla pesa haijatoka mfukoni.

Kwa nini bao

Karata ni nzuri, dhumna ni nzuri, na drafti ya vizibo vya soda imefurahisha vijiwe vingi. Ila bao lina mambo matatu ambayo hayapatikani pamoja kwingine.

La kwanza, halina bahati. Hakuna dadu wala karata iliyofichwa. Kila kitu kiko wazi mbele ya wote. Mtu aliyeachishwa kazi hupoteza zaidi ya mshahara, maana hupoteza pia mahali pa kuamua jambo na kuona matokeo ya uamuzi wake. Bao linamrudishia kipande cha hilo. Akicheza vizuri anaona, akikosea anaona, na mchezo unaofuata anaanza upya akiwa na kete zilezile sawa na mwenzake.

La pili, linashika akili na mikono kwa pamoja. Anayehesabu kete saba mkononi, akitazama kama ile ya mwisho itaangukia shimo lenye kitu au shimo tupu, hana nafasi ya kuhesabu deni la duka wakati huohuo. Hapa hatuzungumzii kusahau shida, kwa sababu shida zitakuwepo asubuhi. Tunazungumzia nusu saa ambayo kichwa kimepumzika kwa kufanya kazi nyingine, na mtu analala akiwa amechoka kwa namna nzuri.

La tatu ni watazamaji. Wachezaji ni wawili, lakini wanaozunguka wanaweza kuwa sita, na wote wana la kusema. Birika moja la chai ya rangi linatosha watu wote hao. Pale Jaws Corner, Mji Mkongwe Unguja, na kwenye mabaraza mengi ya pwani, kahawa na michezo ya namna hii vimekuwa sababu ya watu kukaa pamoja bila kuhitaji sherehe. Wapo wanaoliona bao kuwa mchezo wa wasio na kazi. Mwalimu Nyerere alilipenda na kulicheza, naye alikuwa na nchi nzima ya kuendesha.

Dukani: anza na nyumba

Kabla ya kushangaa nakshi, tafuta mashimo mawili ya mraba. Hizo ni nyumba, moja ya kila mchezaji, na zinakaa katika mistari miwili ya ndani, yaani ile inayokutana katikati ya bao. Kaa upande mmoja wa bao na uhesabu mashimo ya mstari wako wa ndani kutoka kushoto: nyumba yako iwe shimo la tano, yaani la nne kutoka kulia. Mwenzako akikaa upande wake na kuhesabu kutoka kushoto kwake, yake nayo iwe ya tano. Maana yake ni kwamba nyumba mbili hizo hazitazamani. Zinakaa mshazari, kona kwa kona, katikati ya bao.

Kipimo hiki kimoja kinaondoa nusu ya mabao mabovu. Mchongaji asiyecheza huona vizuri zaidi nyumba zikitazamana, au huziweka pembeni kabisa, au huchonga mashimo yote mviringo na kumaliza kazi. Bao lisilo na mraba bado linaweza kutumika, unachora alama ya chaki au kalamu. Bao lenye mraba mahali pasipo pake ni baya zaidi, kwa sababu kila anayejifunza atapanga kete kwa kufuata mraba na mchezo utaharibika tangu mwanzo.

Kisha ukubwa wa mashimo. Shimo zuri lina upana wa sentimita 6 hadi 7 na kina cha sentimita 3 hadi 4. Usibebe rula, mwombe muuzaji kete na uweke 16 katika shimo moja. Zikilala zote bila kuvuka ukingo, shimo linatosha. Namba hiyo ina sababu. Katika awamu ya pili ya mchezo, shimo lenye kete zaidi ya 15 haliruhusiwi kuanzisha kula, yaani kuchukua kete za mwenzako, kwa hiyo lazima zionekane na kuhesabika bila kumwagika kwa jirani. Nyumba ijaribiwe kwa kete zaidi kidogo, maana wachezaji hupenda kuilimbikizia.

Kutokana na hapo urefu wa bao unajipanga wenyewe. Mashimo manane ya sentimita 6 na nusu, pamoja na kuta kati yake na ukingo wa pande zote, yanataka ubao wa sentimita 65 hadi 75. Upana uwe kama sentimita 30 au zaidi kidogo. Ukiona bao la sentimita 40, jua kwamba mashimo yake hayawezi kuzidi sentimita 4 na kitu, na vidole vya mtu mzima havitaingia bila kusukuma kete za shimo la jirani. Mabao ya kukunja yenye bawaba karibu yote yanaangukia hapa. Yanapendeza, yanabebeka, ila bawaba ikilegea nusu moja huinama na kete hukusanyika upande mmoja wa shimo. Kwa safari, sawa. Kwa bao la kila jioni, tunashauri liachwe.

Ingiza vidole vitatu ndani ya shimo kama unayechota. Chini pawe mviringo, kama pamekombwa na kijiko, ili kete zije zote kwa mkupuo mmoja. Shimo lililotobolewa kwa keekee ya mashine, lenye kuta wima na chini bapa, huacha kete moja pembeni kila mara. Anayecheza anaikosa, anaendelea kupanda, yaani kuangusha kete moja moja shimo baada ya shimo, na baadaye mnabishana kama shimo lilikuwa na nne au tano. Hilo ndilo kosa linalovunja michezo mingi kuliko kutojua kanuni.

Pitisha kiganja juu ya kuta kati ya mashimo. Zikiwa kali, msasa unaweza kuzirekebisha nyumbani. Zikiwa nyembamba kuliko nusu sentimita, zitamegeka, kwa sababu kete za komwe ni ngumu na huangushwa maelfu ya mara. Weka bao sakafuni na ubonyeze kona moja baada ya nyingine. Likiyumba, mbao imejipinda, na itaendelea kujipinda.

Mbao na rangi

Mninga na mvule ndizo tunazozipenda. Zina uzito wa kutosha bao lisisogee, hazichanuki ovyo, na zinakubali patasi. Mkongo nao ni mzuri ila ni mzito. Mwembe na mfenesi ni mbao za bei nafuu zaidi na mabao mengi mazuri yametoka huko. Ubaya wa mwembe ni wadudu. Geuza bao uangalie chini: vitundu vidogo kama vya sindano, pamoja na unga laini unaodondoka ukiligonga, vinaonyesha kwamba linabunguliwa kutoka ndani. Usilipeleke nyumbani kwako, maana wadudu hao watahamia kwenye kitanda na makabati. Mpingo ni mbao ya kujivunia, lakini kulipia bao zima la mpingo wakati wa dhiki hakuna sababu, mchezo haubadiliki.

Mbao mbichi ni hatari nyingine. Bao jipya lililo zito kupita kiasi, lenye ubaridi ukiligusa na harufu kali ya utomvu, bado lina maji. Likitoka Tanga au Mombasa na kupelekwa Dodoma, au likaingia nyumba ya Ughaibuni yenye kiyoyozi au joto la hita, litakauka kwa kasi na kupasuka kuanzia ncha mbili za ubao. Kama umelipenda na hakuna jingine, paka nta kwenye ncha hizo mbili, lifunge kwa gazeti, liache kivulini wiki kadhaa kabla ya kulitumia. Jua moja kwa moja ni adui.

Vanishi ya kung'aa epuka kabisa. Kwa jasho la mikono na joto la Machi hunata, kete hushika uchafu, na baada ya muda hubanduka vipande vipande. Bao lililoachwa mbao tupu na kupakwa mafuta kidogo ni bora kwa sura na kwa mchezo. Kijiko kimoja cha mafuta ya nazi kinatosha bao zima; sugua kwa kitambaa, acha usiku kucha, kisha futa kila kilichobaki juu. Mafuta mengi huleta sisimizi.

Kete

Kete za asili ni komwe, mbegu za mkomwe: za kijivu, nyororo, ngumu kama jiwe, na zinapogongana hutoa mlio ambao wachezaji wanaufahamu hata wakiwa wamefumba macho. Wauzaji wengine huweka kokoto au shanga za mbao kwa kuwa ni rahisi kupata. Kokoto hukwaruza mashimo, na shanga ni nyepesi mno, ukitaka kuangusha moja zinateremka mbili. Lipa nyongeza upate komwe.

Nunua 70, ingawa mchezo unataka 64. Chagua zinazolingana ukubwa, ondoa zenye tundu la mdudu na zilizopasuka. Usizijaribu kwa maji ukidhani nzuri ni zile zinazozama, kwa kuwa komwe nzima nyingi huelea, na ndivyo zinavyosafiri baharini na kuota ufukweni. Zishonee kifuko cha kitambaa, na kila mchezo ukiisha zihesabiwe zikirudi: 64, kisha kifuko kinafungwa. Ikipotea moja bila mtu kujua, mchezaji mmoja ataishiwa akiba kabla ya mwenzake na awamu ya kwanza itakwenda kombo. Watoto wadogo wanaotia kila kitu mdomoni wasikae karibu na kete. Zinaingia kooni kwa urahisi, na si mbegu za kuliwa.

Kwa walio mbali, kuna nchi zinazozuia mbegu kuingizwa mpakani. Gololi 64 za kioo za ukubwa mmoja zinafanya kazi. Zina kelele zaidi, na sehemu ya kuchezea lazima iwe imenyooka sawasawa, kwa kuwa gololi haivumilii mwinamo.

Kulianza bila kugombana

Vijikaratasi vya maelekezo vinavyokuja na mabao ya duka mara nyingi vinaeleza mchezo mwingine kabisa. Hivi ndivyo bao la Kiswahili linavyopangwa. Kila mchezaji ana kete 32. Sita zinakaa kwenye nyumba, mbili kwenye shimo linalofuata kulia kwake, mbili nyingine kwenye linalofuata hilo. Hizo ni kumi. Zilizobaki 22 ni akiba, zinashikwa mkononi au kuwekwa pembeni kwenye kibakuli.

Sasa hakiki. Tazama mstari wako wa ndani na wa mwenzako: pasiwe na shimo lako lenye kete linalotazamana na lake lenye kete. Kama yanatazamana, mmoja wenu amepanga kushoto badala ya kulia. Kwa mpangilio sahihi, anayeanza hawezi kula chochote; analazimika kutakata, yaani kuongeza kete moja ya akiba kwenye shimo lenye kitu na kuzipanda kete zake bila kula.

Mfano wa karibu: shimo lililo kulia mwa nyumba lina mbili. Unaongeza moja, zinakuwa tatu. Unazichota zote na kupanda kuelekea kushoto, moja moja: ya kwanza inaingia nyumbani, ambamo sasa kuna saba, ya pili shimo linalofuata, ya tatu linalofuata hilo. Shimo la mwisho lilikuwa tupu, kwa hiyo umelala, zamu imekwisha. Angalia ulichofanya. Kete mbili ulizozipeleka kushoto sasa zinatazamana na kete za mwenzako, na yeye anaweza kula moja katika hizo. Tayari kuna la kufikiria, na mchezo una zamu moja tu.

Awamu hii ya kwanza ni ya kunamua: kila zamu inaingia kete moja ya akiba. Ukiweza kula, lazima ule. Kula ni kuweka kete kwenye shimo lako la ndani lenye kitu, likiwa linatazamana na shimo la ndani la mwenzako lenye kitu. Kete zake zote za shimo hilo unazichukua na kuzipanda upande wako kuanzia kichwa, yaani shimo la mwisho la mstari wa ndani, kushoto au kulia. Ukila kwenye kichwa au shimo linalokifuata, ambayo ndiyo makimbi, huna hiari: unaanzia kichwa cha upande huohuo. Kete ya mwisho ikiangukia shimo lenye kitu na mbele yake pana cha kula, unakula tena na kuendelea na mwelekeo uleule. Ikiangukia penye kitu bila cha kula, unazichota zote na kuendelea kupanda. Ikiangukia tupu, umelala.

Nyumba ina heshima yake. Ikiwa bado ina kete sita au zaidi na wewe uko kwenye mkondo wa kula, kete ya mwisho ikikuta nyumba bila cha kula mbele yake unaruhusiwa kusimama au kusafiri nayo, yaani kuzichota kete zake zote na kuendelea kupanda. Wageni wa mchezo husafiri mapema mno, kwa sababu kuzungusha kete nyingi kunasisimua, kisha wanabaki na bao tupu lisilo na ngome. Akiba ikiisha pande zote, inaanza awamu ya mtaji, ambapo mnacheza kwa kete zilizo ubaoni tu. Anayeachwa bila kete mstari wa ndani, au bila njia ya kucheza, ameshindwa.

Mengine yapo, na kanuni ndogo ndogo hutofautiana kati ya mji na mji. Ile ya kutakasia, yaani kumfungia mwenzako shimo moja asilicheze, ndiyo inayozua mabishano mengi kuliko zote. Wanaoanza waiache pembeni kwa miezi ya mwanzo, na wakubaliane hivyo kabla kete haijaguswa.

Kwa watoto kuanzia miaka sita au saba anzeni na bao la kujifunza: kete mbili katika kila shimo, hakuna akiba, mnaingia kwenye mtaji moja kwa moja. Mtoto anajifunza kuhesabu kwa kugusa, kujumlisha kabla hajacheza, na kuvumilia kushindwa mbele ya watu. Kwa nyumba ambayo imeshindwa kulipia masomo ya ziada, hili si jambo dogo.

Linavyofanya kazi ndani ya nyumba

Tunalisifu bao, lakini kwa masharti. Bao la barazani kwa desturi limekuwa la wanaume, na kuna nyumba ambazo jina lake tu linamkasirisha mama, kwa haki. Mume anakaa kijiweni hadi saa nne usiku, maji hayajachotwa, watoto hawajaulizwa habari za shule. Dhiki ikiwa imeingia, bao la namna hiyo linaiongeza. Pendekezo letu ni bao liwe ndani ya nyumba, lichezwe na wote, baada ya vyombo kuoshwa na kila mtu akiwa ameshiriki kuviosha. Michezo miwili kwa jioni inatosha. Kwa wanaojifunza, kila mmoja unaweza kuchukua nusu saa au zaidi. Mama na binti wakishaijua nyumba na makimbi, wanaume wa nyumba hiyo watapata upinzani ambao hawakuutarajia.

Mwanga uwe juu ya bao au pembeni katikati. Taa ya sola ikiwekwa nyuma ya mchezaji mmoja, kivuli cha bega lake kinajaza mashimo ya mwenzake na kete hazihesabiki. Mkeka ni bora kuliko meza, kwa kuwa kete zinazoanguka hazibingiriki mbali na watazamaji wanapata pa kukaa. Bibi au babu ambaye macho yamepungua bado anacheza vizuri, maana vidole vinahesabu. Msomeeni tu mashimo ya mpinzani.

Dau lisiwekwe, hata la shilingi mia, hata la soda. Tunalisema kwa ukali kwa sababu tunajua linakoishia: pesa ya unga inaingia kwenye kamari, aliyeshindwa anataka kurudisha, na kitu kilicholeta watu pamoja kinawatenganisha. Anayeshindwa atengeneze chai, basi.

Tofauti ya uwezo nayo huua furaha. Fundi akicheza na anayeanza, mchezo unaisha kwa dakika tano na anayeanza harudi tena. Wawekeni wawili dhidi ya fundi, wakiruhusiwa kushauriana kwa sauti. Na anayechukua kete mkononi asirudishe, aliyegusa amecheza. Bila kanuni hiyo, wenye wasiwasi hujaribu njia tatu, kete zinasahaulika zilipotoka, na hakuna awezaye kurudisha bao lilivyokuwa.

Bao halitalipa kodi, halitampatia mtu kazi, na halitibu. Mtu ambaye kwa wiki kadhaa halali, hali, au anasema maneno ya kukata tamaa ya maisha, apelekwe kwa mhudumu wa afya na asiachwe peke yake. Jirani aliyezoea kuja kucheza asipoonekana siku mbili, mtu aende kumgongea. Kwa macho yetu, hilo ndilo jambo bora kuliko yote ambayo bao linafanya mtaani: linajulisha nani hayupo.

Lisilogharimu kitu

Kama hata bao la mwembe ni gharama, chimbeni. Mashimo 32 kwenye udongo mkavu chini ya mwembe ni bao kamili, na mvua ikifuta mnachimba mengine. Kwa ndani ya nyumba, trei mbili za mayai zinatosha. Trei ya kawaida ya mayai 30 ina vishimo vitano kwa sita; kata kila moja ubaki na vinne kwa vinne, ziunganishe ubavu kwa ubavu upate mistari minne ya vishimo vinane, bandika juu ya kipande cha boksi, kisha chora mraba wa nyumba kwa kalamu. Vishimo vyake ni vidogo kwa komwe, kwa hiyo tumieni maharage. Udhaifu ni wepesi: kiwiko kikigusa, bao zima linaruka. Bandika mawe manne bapa pembeni chini ya boksi. Hudumu miezi, na likichakaa mayai yapo.

Programu za simu zipo pia. Zinasaidia kujifunza kanuni, kwa kuwa simu haikuruhusu ukosee. Kwa kusudi tunalolijadili hapa hatuzipendekezi: zinarudisha kila mtu kwenye kioo chake, chaji ikiisha zimekwisha.

Wasomaji wa nchi jirani na Ghuba waangalie walichonacho nyumbani kabla ya kununua. Ubao wa omweso wa Uganda na ule wa igisoro wa Rwanda una mashimo manane kwa manne na kete 64, kwa hiyo unachezeka bao la Kiswahili ukishaweka alama za nyumba. Ubao wa hawalis wa Oman ni wa mashimo saba kwa manne. Huo ucheze kwa kanuni zake, hautoshi kwa bao letu.

Kuagiza kwa fundi

Uamuzi wetu: kati ya bao la nakshi la duka la vinyago na bao tupu la kuagiza kwa seremala wa mtaani, chukua la seremala. Pesa inabaki jirani, na unapata vipimo unavyotaka. Mpelekee mchoro wa mistari minne ya mashimo manane, nyumba zikiwa zimetiwa kivuli mahali pake, mshazari. Mpelekee pia kete 16 kwenye mfuko, azitumie kama kipimo cha kila shimo. Mbao iwe kavu, unene wa sentimita 5 au zaidi. Ikiwa ya sentimita 4, sakafu ya shimo itabaki nyembamba na siku moja itatoboka. Mwombe asipake kitu chochote juu, mafuta utapaka mwenyewe.

Mpe sehemu ya malipo ya kununulia mbao, na umtembelee akiwa amemaliza shimo la kwanza tu. Likiwa na kuta wima mwambie palepale, arekebishe kabla hajafikia la thelathini na mbili. Ufa mdogo ukitokea baadaye kwenye ncha, changanya unga wa mbao ileile na gundi ya seremala, ujaze, uache siku mbili, upige msasa. Ufa ukifika kwenye shimo, rudisha kwake afunge kwa kipande cha mbao chini ya ubao, kimekingama nyuzi za mbao, kwa skrubu mbili kila upande wa ufa.